Mtoto anataka uzamili wa usanifu wa bidhaa? Uliza haya kabla ya kuuza kiwanja

Kijana amemaliza shahada ya uhandisi na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani Tabora, anafanya vibarua vya hapa na pale. Siku moja anawaambia wazazi kwamba anataka kurudi chuoni kusoma shahada ya uzamili. Wazazi wanafurahi, mpaka wanaposikia jina la masomo yenyewe: usanifu wa bidhaa.

Mama anauliza kama hayo ndiyo yale ya kuchora picha. Baba anauliza ada ni kiasi gani na nani atalipa. Mdogo wake yuko kidato cha tano, mwingine anaanza sekondari mwakani, na mali pekee iliyobaki ni kile kiwanja cha Ipuli.

Mazungumzo ya namna hii yanaweza kuisha vibaya kwa njia mbili. Mzazi anaweza kukataa kwa sababu hajaelewa masomo yenyewe, na mtoto akabaki na kinyongo. Au anaweza kukubali kwa sababu amesikia neno Ulaya, kiwanja kikauzwa, na miaka miwili baadaye cheti kikarudi nyumbani bila kazi.

Makala haya yanalenga kumsaidia mzazi asifike kwenye lolote kati ya hayo mawili. Jambo kubwa la kushika ni kwamba katika fani hii jina la chuo halitoshi. Kinachopima kama fedha yako itarudi ni kile anachokwenda nacho mtoto: tatizo la watu analolijua vizuri, na kazi alizokwisha kuzifanya kwa mikono yake kabla ya kupanda ndege.

Ni masomo gani haya?

Kwenye tovuti za vyuo fani hii huandikwa Industrial Design au Product Design. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita usanifu wa bidhaa. Msanifu wa bidhaa anaamua kitu kinachotengenezwa kwa wingi kiwe na umbo gani, kishikwe vipi, kitengenezwe kwa malighafi gani, kiuzwe kwa bei ambayo mtumiaji anaimudu na kikiharibika kitengenezwe na nani.

Mhandisi anahakikisha kitu kinafanya kazi na hakivunjiki. Msanifu anakaa naye meza moja na kuuliza nani atakitumia, yuko wapi, ana nguvu kiasi gani, na kwa nini kile cha mwanzo alikitupa stoo. Kuchora kupo, lakini ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya muda inakwenda kwa watumiaji na kwenye karakana.

Chukua mzinga wa nyuki, kitu kinachojulikana sana Tabora. Mzinga wa gome unapatikana kwa kuchuna gamba la mti kuzunguka shina lote, na mti huo hufa. Mzinga wa gogo unadumu zaidi, lakini kuvuna asali ndani yake ni lazima ukate masega, na mara nyingi majana yanaharibika pamoja nayo.

Katika miaka ya 1970, nchini Kenya, wataalamu waliunda mzinga wa boksi wenye viunzi vya mbao juu, na mzinga wa aina hiyo ukasambaa hadi kwetu. Kila kiunzi kina upana wa karibu milimita 32, kwa sababu nyuki wetu wa Afrika hupanga masega yao kwa nafasi ya kiasi hicho. Fundi akikosea kwa milimita chache, nyuki wanaunganisha masega ya kiunzi kimoja na kingine, na mrina asali anarudi kule kule kwenye kukata. Pande za boksi nazo zimelazwa, pana juu na nyembamba chini, ili nyuki wasigandishe masega ukutani.

Huo ni usanifu wa bidhaa. Mtu alimchunguza nyuki, akamchunguza mrina asali, kisha akakata mbao kwa kipimo chao.

Na kazi haijaisha. Mrina asali wa Sikonge au Urambo anaweza kubeba mzinga kwa baiskeli njia ndefu ya porini, kisha aupandishe mtini kwa kamba ili nyegere asiufikie. Mzinga ukiwa mzito au bei ikimshinda, ataendelea na gome, hata kama ameelezwa kwenye semina kwamba mti utakufa. Kijana anayeweza kulieleza tatizo hilo kwa kina, kwa vipimo, uzito, bei na picha, ana kitu ambacho chuo chochote kizuri kitataka kukisikia.

Wapagazi walilijua hili

Mzazi wa Tabora asidhani kwamba fikra hizi ni ngeni kwake. Mji huu ulikua kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliosifika kwa upagazi katika njia hiyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 hivi, na safari ilikuwa ya miezi.

Mizigo haikufungwa ovyo. Nguo zilifungwa ndani ya makanda kwa umbo refu la mviringo, mfano wa mto wa kitanda, ili zikae begani. Vijiti vilifungwa pembeni ili mzigo ukisimamishwa wakati wa kupumzika usiguse tope. Nyaya za shaba zilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti ili uzito ulingane mbele na nyuma.

Hakuna chuo kilichowafundisha. Walijifunza kutokana na mabega yaliyochubuka na nguo zilizolowa. Shahada ya uzamili inamfundisha kijana kufanya jambo hilo hilo kwa utaratibu, kwa haraka na kwa bidhaa zitakazotengenezwa kwa maelfu.

Darasani wanafanya nini?

Vyuo vingi hufundisha uzamili huu kwa mwaka mmoja hadi miwili na nusu, na miaka miwili ndiyo ya kawaida. Mwanzo kuna masomo ya malighafi, namna ya kutengeneza kiwandani, vipimo vya mwili wa binadamu, kuchora kwa mkono na kwa kompyuta, na namna ya kuwahoji watumiaji bila kuwawekea maneno mdomoni.

Mwishoni kuna mradi mkubwa wa mwanafunzi. Anachagua tatizo, anatengeneza mfano wa majaribio, anaupeleka kwa watumiaji, unakataliwa, anaurekebisha, anaurudisha tena. Maksi nyingi ziko hapo.

Mfano mmoja uliogusa Tanzania unaeleza vizuri. Mwaka 2005 Amos Winter, akiwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza jinsi watu wenye ulemavu wa miguu wanavyotumia viti mwendo. Aliona kwamba kiti cha hospitalini kinakwama kwenye mchanga na mashimo, na baiskeli ya magurudumu matatu haiingii ndani ya nyumba.

Yeye na wenzake wakaunda kiti kinachosukumwa kwa mikono miwili ya chuma. Mtumiaji akishika juu anapata nguvu ya kupanda mlima, akishika chini anapata mwendo. Vipuri vinavyozunguka ni vya baiskeli, ili fundi baiskeli yeyote aweze kuvibadilisha.

Mifano ya kwanza ilijaribiwa Afrika Mashariki mwaka 2009, na watumiaji wakaikosoa: kiti ni kizito, na ni kipana mno. Wakarudi karakanani, wakakipunguza uzito na upana, wakakijaribu tena katika nchi nyingine kabla ya kukiuza.

Mzazi aangalie mambo mawili katika kisa hicho. Kwanza, wasomi wa chuo kikubwa duniani walikosea mara ya kwanza, na waliosahihisha ni watumiaji wenyewe. Pili, mgeni alilazimika kusafiri mpaka huku kulitafuta tatizo ambalo mtoto wako analiona kila siku akitoka nje ya geti.

Wapi anaweza kusoma?

Hapa nyumbani fani iliyo karibu zaidi iko upande wa uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya uhandisi wa mitambo na viwanda. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu katika sayansi na uhandisi. Kijana anaweza kusoma huko na kuchagua mradi wa kuunda bidhaa. Kwa familia nyingi hii ndiyo njia nafuu kuliko zote.

Kenya wametangulia katika fani yenyewe. Masomo ya usanifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi yalianza miaka ya 1960, na mmoja wa walioyaanzisha alikuwa Selby Mvusi, msanii na msanifu kutoka Afrika Kusini aliyefariki mwaka 1967 kwa ajali ya gari. Leo chuo hicho kinatoa shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu katika usanifu.

Uganda ina shule ya sanaa za viwanda na sanaa nzuri ya Makerere, yenye jina la Margaret Trowell aliyeanzisha mafunzo hayo mwaka 1937. Chuo Kikuu cha Kyambogo nacho kina idara ya sanaa na usanifu wa viwandani. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya wala Uganda, na basi linafika. Uliza mapema kama mwanafunzi wa Afrika Mashariki analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni, maana tofauti inaweza kuwa kubwa.

India inafaa kuangaliwa kwa makini. Taasisi ya kitaifa ya usanifu ya Ahmedabad ilianzishwa mwaka 1961, na kituo cha usanifu cha IIT Bombay mwaka 1969. Nchi hiyo ilijenga shule zake ikiwa na matatizo yanayofanana na yetu: maji, majiko, zana za mkulima, bei ndogo. Mwaka 1979 ni huko huko Ahmedabad lilikotolewa azimio la kimataifa, chini ya shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, la kutaka usanifu utumike kwa maendeleo ya nchi zetu.

Ulaya ina shule kubwa. Chuo cha TU Delft nchini Uholanzi kina kitivo kizima cha fani hii tangu mwaka 1969. London kuna kozi ya pamoja ya Royal College of Art na Imperial College. Lakini ada ya Delft kwa mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya inazidi euro 20,000 kwa mwaka, kabla hajala wala kulala. Bila ufadhili, hiyo haifai kuwa mipango ya familia ya kawaida.

Jalada la kazi lina uzito kuliko maksi

Mzazi amezoea kuuliza mtoto amepata wastani gani. Kwa uzamili wa uhasibu swali hilo linatosha. Kwa usanifu wa bidhaa vyuo vingi vinataka pia jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa miradi ambayo mwombaji ameifanya, wenye michoro, picha na maelezo.

Jalada zuri halihitaji miradi 20. Mitatu au minne inatosha ikiwa inaonyesha safari nzima: tatizo lilikuwa nini, alizungumza na nani, alijaribu nini kwanza, kilishindwaje, akabadilisha nini. Picha ya mfano uliovunjika, pamoja na maelezo ya kwa nini ulivunjika, ina thamani kuliko mchoro wa gari la kifahari ulionakiliwa mtandaoni.

Jalada hilo linaweza kutengenezwa Tabora, na kwa fedha ndogo. Mji una Chuo cha Ufugaji Nyuki, ambako mtoto anaweza kuuliza mzinga upi unarudishwa na wafugaji na kwa nini. Kuna chuo cha VETA chenye karakana na walimu wa ufundi. Kuna ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambako wajasiriamali wanatafuta vifungashio na mashine ndogo.

Matatizo nayo yamejaa. Mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni nyingi. Ndoo na madumu ya maji yanawaumiza shingo wanawake na watoto. Asali ya mkoa huu inauzwa kwenye chupa za soda na maji zilizokwisha kutumika, na kifungashio hicho kinaishusha bei. Maembe yanaoza kwenye miti na barabarani kila msimu.

Mwambie hivi: "Mwanangu, chagua moja kati ya hayo, kaa nalo miezi sita." Boksi la karatasi ngumu, waya, mbao za mabaki na siku chache kwa fundi seremala zinatosha kuanza. Akimaliza miezi hiyo na bado anayataka masomo, umepata ushahidi ambao cheti cha kwanza hakikukupa. Akichoka wiki ya tatu, mmejua jambo muhimu kwa bei rahisi.

Fedha: hesabu yote, usihesabu ada peke yake

Wazazi wengi hupiga hesabu ya ada na nauli, kisha mwezi wa pili simu inapigwa. Katika fani hii ongeza kompyuta yenye nguvu ya programu za kuchora, malighafi za karakana, uchapishaji wa mifano na safari za kwenda kwa watumiaji. Uliza chuo kwa barua pepe wanafunzi wa mwaka jana walitumia kiasi gani kwa malighafi. Chuo makini kitajibu.

Ujerumani huvutia wengi kwa sababu vyuo vingi vya umma havitozi ada kubwa. Lakini tangu Septemba 2024 mwanafunzi anayejilipia huonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu kwa ajili ya mwaka mmoja wa kujikimu. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Na shule nyingi za usanifu huko hufundisha kwa Kijerumani.

Kwa hiyo anza na ufadhili. India hutoa nafasi kwa Waafrika kupitia baraza lake la uhusiano wa kitamaduni, ICCR. Uingereza ina ufadhili wa Jumuiya ya Madola na wa Chevening. Ule wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja, unamtaka mwombaji awe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na unamtaka arudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ujerumani kuna DAAD. Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus, ambao mwanafunzi husoma katika nchi zaidi ya moja.

Tazama jinsi masharti hayo yanavyofanana. Wafadhili wengi wanapenda mtu aliyekwisha kufanya kazi na anayeweza kueleza atarudi kufanya nini. Miaka miwili ya vibarua ambayo mzazi anaiona ni aibu inaweza kuwa uzoefu unaotakiwa, mradi kijana awe na barua za kuthibitisha. Mwambie aanze kuzikusanya leo.

Usijenge hesabu juu ya mkopo wa serikali kabla ya kusoma mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka husika, kwa kuwa walengwa wake wakuu ni wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Kabla ya kulipa chochote kwa chuo cha nje, wasilianeni na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Tume hutoa barua ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua vyeti wanaporudi. Wakala anayesema barua hiyo haina haja, au anayetaka ada ya chuo iingie kwenye simu yake, aachwe.

Na ajira je?

Hapa mzazi anastahili ukweli. Ukifungua matangazo ya kazi Tanzania, ni nadra kukuta tangazo la msanifu wa bidhaa kwa jina hilo. Kijana anayesubiri tangazo hilo atasubiri sana.

Kazi yenyewe ipo kwa majina mengine. Viwanda vya samani, plastiki na vyakula vinahitaji watu wa kuunda bidhaa na vifungashio. TEMDO ya Arusha, taasisi ya serikali ya usanifu wa mitambo, imetengeneza vitanda vya hospitali na matanuri ya kuteketezea taka za hospitali. CAMARTEC, iliyoko Arusha pia, inashughulikia zana za kilimo na teknolojia za vijijini. Mashirika ya maji, nishati na afya huajiri watu wanaoweza kujaribu kifaa kijijini na kuleta majibu. Kampuni za programu za simu nazo zinatafuta watu wenye mafunzo haya.

Njia nyingine ni kuanzisha cha kwake. Dk Askwar Hilonga, Mtanzania aliyekulia Karatu katika kijiji cha Gongali, alisoma uzamivu Korea Kusini katika uhandisi wa kemikali. Aliporudi na kuwa mhadhiri Taasisi ya Nelson Mandela, aliunda chujio la maji linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika. Mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, yenye thamani ya pauni 25,000.

Fani yake siyo usanifu wa bidhaa, lakini njia aliyopita ndiyo tunayoizungumzia. Alikwenda nje akiujua ugonjwa wa maji machafu tangu utotoni. Elimu ya huko ilimpa zana za kushughulikia jambo alilokwisha kulijua.

Mtazame pia Bernard Kiwia wa Arusha, fundi baiskeli aliyepata jina kwa uvumbuzi wake wa vifaa kwa kutumia vipuri vya baiskeli, kisha akafungua karakana ya kuwafundisha wengine. Yeye hakuanzia chuo kikuu. Mzazi amkumbuke pale mtoto atakaposema hawezi kuanza lolote mpaka apate uzamili.

Akiwa binti

Kuna nyumba ambazo mvulana akiomba fedha za uzamili kikao kinaitwa, na binti akiomba anaulizwa ataolewa lini. Katika fani hii ubaguzi huo una hasara ya ziada.

Fikiria nani anatumia jiko, ndoo, kinu, jembe, beseni la kuogeshea mtoto na mbeleko. Vitu hivyo mara nyingi huundwa na watu ambao hawajawahi kuvitumia siku nzima. Jiko la udongo na bati lililoenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambalo ndugu zake tunayo hapa kwetu, lilihitaji marekebisho mengi ya umbo na ya udongo wa ndani kabla ya kukubalika, na waliolipima ni wapishi.

Binti aliyekulia Isevya akichota maji na kukoleza mkaa ana miaka 20 ya utafiti mwilini mwake. Akiwa na jalada zuri, ana hoja ambayo mwombaji mwingine hana. Mpe kikao kile kile, na mwulize maswali yale yale magumu.

Maswali saba ya kikao cha familia

Kaeni chini, zimeni televisheni, na mzazi aulize kwa upole. Lengo ni kusikia majibu, siyo kumshinda mtoto kwa hoja.

1. Ni tatizo gani la watu unataka kulifanyia kazi, na umezungumza na watu wangapi wanaoishi nalo?

2. Nionyeshe kitu kimoja ulichokitengeneza kikashindwa. Ulijifunza nini?

3. Kwa nini uzamili sasa, na siyo mwaka mmoja wa kazi kwenye karakana au kiwanda kwanza?

4. Vyuo vitatu ulivyochagua vina karakana gani, na waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Mmoja wao unaweza kumpigia?

5. Umeomba ufadhili upi, na mwisho wa maombi ni lini?

6. Ufadhili ukikosekana mwaka huu, utafanya nini miezi 12 ijayo?

7. Fedha ya familia ikiingia, wadogo zako watasomaje, na wewe utachangia lini na kiasi gani?

Mtoto akijibu matano kwa vitu vya kuonekana, kama michoro, barua, majina na tarehe, mzazi ana sababu ya kumsaidia. Msaada wa kwanza unaweza kuwa mdogo: nauli ya kwenda Sikonge kwa warina asali, banda la uani liwe karakana, au fedha ya kozi fupi ya kuchora kwa kompyuta.

Akijibu mawili tu, usimwambie kwamba masomo hayo ni ya kuchora picha. Mpe tarehe nyingine ya kikao, miezi sita mbele, na mwambie aje na majibu yaliyobaki. Mpaka siku hiyo, hati ya kiwanja ibaki kabatini.